Kalori 247 za nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tumejiunga na jimu hapa Tanga, sasa tumetimiza miezi mitatu. Tunakwenda jioni mara nne kwa wiki, tunapanda mashine za kukimbilia zilizo jirani na tunatembea pamoja: kasi 5.5, mwinuko 3, dakika 40. Mashine yangu ikisimama inaandika kalori 247. Yake nayo 247. Mimi nina kilo 58, yeye ana 94. Yeye amepungua karibu kilo mbili, mimi sijafika hata nusu kilo. Ananitania mbele ya mashemeji zangu kwamba nakula usiku watu wakishalala, maana “mashine haina upendeleo, namba zetu ziko sawa.” Halafu saa yake ya mkononi inamwandikia 410 kwa zoezi hilohilo. Hizi mashine zinajuaje kalori? Na mimi niamini ipi?

Jibu: Marahaba, mama. Hamjambo wote wawili?

Nianze kwa kukusafisha jina. Hiyo 247 si yako, na wala si ya bwana. Ni ya mtu wa tatu, ambaye hamjawahi kuonana naye na ambaye uzito wake nitakutajia muda si mrefu. Kwa hiyo huo ushahidi wa kukutania mbele ya mashemeji hauna mashiko. Mashine hazikumpima hata mmoja wenu.

Usiniamini kwa maneno. Kesho mkifika jimu, washa mashine, ipe kasi ileile ya 5.5 na mwinuko uleule wa 3, halafu usikanyage mkanda. Simama kwenye zile kingo mbili za pembeni, mikono kiunoni, utazame kioo. Kalori zitaanza kuhesabiwa: moja, mbili, tatu, kila baada ya sekunde kumi hivi inaongezeka moja, nawe umesimama kama mtu anayesubiri daladala. Mashine chache za siku hizi hutambua kwamba hakuna anayekanyaga zikasimama zenyewe. Nyingi hazitambui. Niliwahi kumwona kijana akishuka kupokea simu akauacha mkanda ukizunguka; alirudi baada ya dakika nane akakuta amechoma kalori 50 akiwa koridoni. Hakuzifuta.

Mashine inayajua mambo matatu tu, na yote ni ya kwake yenyewe. Inajua mkanda unakwenda kwa kasi gani, kwa sababu mota yake ndiyo inayouzungusha. Inajua mwinuko, kwa sababu imejiinua yenyewe. Inajua muda umepita kiasi gani. Kukuhusu wewe haijui lolote usipoiambia. Ni kama afisa wa kodi anayemkadiria mwenye duka bila kufungua daftari: anatazama ukubwa wa fremu, anatazama mtaa, anaandika namba. Anaweza kupatia, ila mauzo hajayaona.

Kanuni ambayo mahesabu mengi ya mashine hizi yamejengwa juu yake, au juu ya ndugu zake, ni ya chama cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani, American College of Sports Medicine. Kwa anayetembea iko hivi. Chukua kasi kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 0.1, hiyo ni gharama ya kwenda mbele. Chukua kasi hiyohiyo, zidisha kwa 1.8, kisha zidisha kwa mwinuko. Hiyo ni gharama ya kupanda. Mwisho ongeza 3.5, gharama ya kuwa hai tu, ambayo ungeilipa hata ukikaa barazani unasuka ukili. Jumla yake ni mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wako inatumia kwa dakika moja.

Tuifanye yenu. Kasi 5.5 ni kilomita kwa saa, yaani mita 91.7 kwa dakika. Kwenda mbele inakuwa 9.17. Mwinuko 3 ni asilimia 3, kwa hiyo kupanda ni 91.7 mara 1.8 mara 0.03, tunapata 4.95. Kuwa hai, 3.5. Jumla ni mililita 17.6 kwa kila kilo kwa kila dakika. Zidisha kwa dakika zenu 40: mililita 705 hivi, yaani lita 0.705. Na kila lita ya oksijeni inayotumika mwilini inafungua takriban kalori 5. Kwa hiyo kila kilo ya mwili, kwa zoezi lenu lile, inatumia kalori 3.52.

Sasa chukua ile 247 mliyoandikiwa wote wawili, igawe kwa 3.52.

Inatoka 70. Ndiye huyo mtu wa tatu: mtu wa kilo 70 anayeishi ndani ya mashine. Mlipofika mlibonyeza kile kitufe kikubwa cha kuanza moja kwa moja, ama mashine iliuliza uzito nanyi mkapita bila kujaza. Ikamweka mtu wake wa kawaida. Jioni zote hizo mmekuwa mkitembea wawili na kusomewa namba za mtu mmoja ambaye hakuja jimu.

Mkiingiza uzito wenu halisi, kanuni hiyohiyo itakupa wewe 58 mara 3.52, yaani 204, na bwana 331. Tofauti yenu ni kalori 127 kila jioni, na haihusiani kabisa na nani ana bidii. Mwili wa kilo 94 ni mzigo mkubwa zaidi kuusogeza na kuupandisha. Amebeba gunia la kilo 36 ambalo wewe hukulibeba, basi.

Labda unajiuliza kwa nini mashine isipime kazi unayoifanya badala ya kukisia. Baiskeli ya mazoezi huweza, au angalau hukaribia. Pale wewe ndiye unayezungusha gurudumu na baiskeli ndiyo inayokukatalia, na ukijua nguvu ya ukinzani huo na kasi ya pedali unajua wati ngapi zimepita. Misuli ya mtu hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati yake kuwa kazi ya pedali. Iliyobaki ni joto. Ukiendesha kwa wati 100 kwa saa nzima umefanya kazi ya kilojuli 360, ambazo ni kalori 86, nawe umetumia kama mara nne ya hizo, karibu kalori 350. Ndiyo maana waendesha baiskeli wengi husoma kilojuli kwenye kifaa na kuzichukulia kama kalori walizochoma. Hesabu inaangukia hapohapo.

Kwenye mkanda mambo yamegeuka. Mota ndiyo inayovuta, wewe unajitahidi usirudishwe nyuma. Ukitembea tambarare saa nzima kwenye mashine, mwisho wa saa uko palepale na kimo kilekile. Kifizikia hujainua kitu wala kusukuma kitu. Nishati yako yote imeishia ndani: kila hatua misuli inaukamata mwili usianguke, inauinua sentimita chache, inauachia, inaukamata tena. Hakuna waya wala kihisi ndani ya mashine kinachoweza kuiona kazi hiyo. Inaonekana sehemu moja tu, kwenye pumzi.

Na kwa pumzi ndiko hizi namba zilikotoka. Wafungwa wa Uingereza walianza kukanyaga magurudumu ya mhandisi William Cubitt mwaka 1818, na kule hakuna aliyewahesabia kalori, ilikuwa adhabu. Mashine ya kutembelea kwa ajili ya kupima ilikuja baadaye huko Berlin: Nathan Zuntz na mwenzake Curt Lehmann walichapisha mwaka 1889 uchunguzi wao wa farasi anayetembea juu ya mkanda huku pumzi yake ikikusanywa na kupimwa. Zamu ya binadamu ikafuata. Mpaka leo maabara inafanya vilevile. Unavishwa barakoa, hewa unayoitoa inapita kwenye kipima oksijeni na kaboni dayoksaidi, na baada ya dakika nne au tano za kasi moja namba inatulia. Aliyewahi kuvaa barakoa ile hasahau, ladha ya mpira inabaki mdomoni hadi chakula cha usiku.

Ile 5 ya kila lita nayo ni wastani. Unapochoma mafuta mwilini lita moja ya oksijeni inakupa karibu kalori 4.7, unapochoma wanga inakupa kama 5.05. Mashine haijui kama umetoka kula ubwabwa au umefunga. Lakini tofauti hiyo ni asilimia 7 hivi, si ya kugombana na mume.

Ile 3.5 ndiyo inayonikera. Maelezo yanayorudiwa katika fani yetu ni kwamba namba hiyo ilitokana na mwanamume mmoja wa miaka 40, mwenye kilo 70. Tazama alivyorudi tena! Mwaka 2005 Nuala Byrne na wenzake walichapisha vipimo vya watu zaidi ya 700 waliopimwa wakiwa wametulia, wengi wao wanawake, na wastani ukawa 2.6 badala ya 3.5. Kwa hiyo hata mapumziko yako mashine inayakadiria kwa mkono mkubwa. Kwa dakika 40 haifikii kalori nyingi. Kwa mtu anayejumlisha wiki nzima ya “kalori” kutoka kwenye vifaa vyake, inaanza kuwa mbuzi mzima.

Hapo ndipo nikuambie jambo ambalo kioo hakikuambii kabisa. Katika zile 204 zako, sehemu ungeitumia hata usingekwenda jimu. Kanuni imezijumlisha humohumo. Ukitoa ile 3.5 ya kuwa hai, zoezi lenyewe limekugharimu kalori 164. Bwana, 265. Hizo ndizo za ziada, na za ziada ndizo zinazoweza kugusa mizani.

Kama hupendi kanuni ndefu, chukua hizi mbili za kichwani, ambazo ni kanuni ileile imevuliwa koti. Ukitembea tambarare, kila kilomita inagharimu nusu kalori kwa kila kilo yako. Ukikimbia, inagharimu kalori moja. Rodolfo Margaria na wenzake nchini Italia walilionyesha hilo la kukimbia mwaka 1963, na wengi bado hawaliamini: ukikimbia kilomita ile kwa haraka au kwa polepole, gharama yake karibu haibadiliki. Haraka inakupa kalori nyingi zaidi kwa dakika, lakini dakika zenyewe zinakuwa chache. Kutembea hakufuati sheria hiyo. Ukilazimisha kutembea kasi sana, gharama inapaa, na mwili wenyewe unaanza kukimbia ili kubana matumizi.

Mwinuko nao una namba yake: kila mita unayopanda ni kalori 0.009 kwa kila kilo. Wewe kwa jioni moja unatembea kilomita 3.67, na kwa asilimia 3 ni mita 110 za kupanda. Jengo la KICC pale Nairobi lina mita 105. Yaani kila mkienda mnalipanda KICC hadi paani na kuzidi kidogo, bila kutoka Tanga. Piga: 58 mara 3.67 mara nusu ni 106, na 58 mara 110 mara 0.009 ni 57. Ukizijumlisha unapata 163, na hiyo moja iliyopotea imeliwa na desimali.

Lakini hesabu ya mwinuko ina sharti: usishike vyuma. Nimewaona wengi, mwinuko 12, mikono imekaza kwenye upau wa mbele, mgongo umelala nyuma. Mtu akilala hivyo mwili wake unakuwa wima kwa mkanda badala ya wima kwa ardhi, na uzito wake mwingine umening'inia kwenye mikono. Kioo kinamhesabia mlima mzima. Oksijeni yake ikipimwa inasema vingine. Wewe hukusema kama unashika. Kama unashika, teremsha mwinuko hadi mikono iwe huru. Namba itapungua, na itakuwa imesogea karibu na kweli.

Kuna sehemu nyingine mashine inapopotea vibaya, na bwana akianza kuongeza kasi ataikuta. Kanuni ya kutembea imetengenezwa kwa kasi ya kilomita 3 hadi 6 kwa saa. Ya kukimbia ina namba zake, 0.2 badala ya 0.1 kwa kwenda mbele, na inaanza kufaa karibu kilomita 8. Katikati pana pengo. Ukiweka 7, mashine haina macho ya kuona kama unatembea kwa mwendo wa mtu aliyechelewa boti au unakimbia taratibu. Mtengenezaji ameamua tangu kiwandani kwamba kuanzia kasi fulani huyu anakimbia. Mtu wa kilo 80 kwa nusu saa kwenye kasi 7 atapata 182 kwa kanuni ya kutembea na 322 kwa kanuni ya kukimbia. Miguu ileile. Ukiona namba imeruka ghafla ulipobonyeza kasi mara moja tu, umevuka mpaka ambao upo kwenye programu na haupo kwenye mguu.

Na hata ukijaza uzito, usishike vyuma, ukae kwenye kasi inayofaa, bado mashine inadhani kila mwili una gharama moja kwa kilo. Haina. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wakitembea juu ya mkanda huku wamejitwika mizigo, Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Mzigo ukiwa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili, oksijeni yao haikuongezeka. Haikuongezeka hata kidogo! Mama wa kilo 60 na ndoo ya kilo 12 alipumua kama mama asiyebeba kitu. Uchunguzi uliofuata mwaka 1995 ulieleza kwamba mwendo wao hubembea kama pendulumu inayopoteza nguvu kidogo zaidi katika kila hatua. Ukiiambia mashine ya jimu kwamba huyu mama ana kilo 72, itamwongezea kalori ambazo hakuzitumia.

Kwa wakimbiaji ni hivyohivyo. Zersenay Tadese wa Eritrea alipopimwa alitumia karibu mililita 150 za oksijeni kwa kila kilo kwa kilomita. Ile 0.2 ya kanuni ni sawa na mililita 200. Mashine ingemsifia kwa theluthi zaidi ya alichochoma, na yeye ni bingwa kwa sababu hakuichoma. Ndiyo maana huwa nacheka kidogo mtu akijivunia kalori nyingi kwa kilomita. Gari linalokunywa mafuta mengi kwa kilomita tunaliitaje?

Saa ya bwana sasa. Saa ina faida moja ambayo mashine haina, iko mwilini mwake. Inaona mkono unavyocheza na inasoma mapigo ya moyo kwa mwanga unaopenya ngozi ya kifundo. Kutoka kwenye mapigo, umri, uzito na jinsia inakisia oksijeni. Mapigo yenyewe inayasoma vizuri. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60, na sita kati ya saba vilikosea mapigo kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori mambo yaliharibika: kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, cha mwisho kwa asilimia 93.

Shida iko kwenye hatua ya kutoka mapigo kwenda kalori. Moyo hauendi mbio kwa ajili ya misuli peke yake. Jimu ya Tanga mwezi wa pili, feni moja inafanya kazi na nyingine inaning'inia: moyo unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, mapigo yanapanda, oksijeni inayotumika ni karibu ileile. Kahawa kabla ya zoezi, usingizi mchache, hata mtu aliyependeza akipanda mashine ya mbele yake, vyote vinapandisha mapigo. Saa inaviandika vyote kama kalori. Ile 410 yake dhidi ya 331 ya kanuni ni tofauti ya asilimia 24, na haijanishangaza hata kidogo.

Tuje kwenye mizani, maana najua ndiko swali lako lilikolala. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhesabiwa kuwa takriban kalori 7,700. Wewe: kalori 164 za ziada, mara nne kwa wiki, wiki 12, jumla 7,872. Kilo moja, ukiwa hujabadilisha kitu kingine chochote. Bwana kwa hesabu hiyohiyo anapata 12,720, yaani kilo moja na zaidi ya nusu. Hajatoka mbali na namba zake. Wewe umepungukiwa nusu kilo hivi kuifikia hiyo kilo moja yako, ambayo ni kalori kama 4,000 kwa siku 84. Zigawe: hazifiki 50 kwa siku. Kijiko kidogo kimoja cha sukari chenye gramu 4 ni kalori 16, kwa hiyo tunazungumzia vijiko vitatu vya sukari, labda vile vya chai ya saa kumi. Hakuna sahani ya usiku hapo. Soda moja ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari na inakaribia kalori 150. Hiyo peke yake inalingana na jioni yako nzima jimu. Chapati ya mafuta inaimaliza na kudai chenji.

Tena nusu kilo ni ndogo kuliko makosa ya mizani. Chumvi ya jana, maji uliyokunywa, siku za mwezi, vyote vinaweza kuusogeza uzito kwa kilo nzima bila gramu moja ya mafuta kuingia wala kutoka. Jipime asubuhi moja kwa wiki, kabla ya kula, baada ya kwenda msalani, na ulinganishe mwezi kwa mwezi. Siku moja dhidi ya siku nyingine haina maana.

Kuna jingine, na hili liko kwetu hukuhuku. Kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wanatembea porini kila siku kutafuta asali, nyama na mizizi. Herman Pontzer na wenzake waliwapa maji yenye hidrojeni na oksijeni nzito za kufuatilia, wakapima mkojo kwa siku kadhaa; ndiyo njia bora tuliyo nayo ya kujua mtu anatumia nishati kiasi gani kwa siku nzima akiwa anaishi maisha yake, bila barakoa. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Mhadzabe anayetembea vile alitumia kwa siku kiasi kinachofanana na cha mtu wa Marekani au Ulaya mwenye mwili wa ukubwa uleule, anayeshinda kwenye kiti. Mwili unaonekana kubana matumizi mahali pengine ili kufidia mwendo. Wataalamu bado wanabishana ubanaji huo ni mkubwa kiasi gani kwa mtu aliyeanza mazoezi juzi. Mimi naona ni sababu tosha ya kutoichukua hata ile 164 kama pesa taslimu.

Umeuliza uamini ipi. Mashine, ukishaiwekea kilo 58 na ukiacha vyuma, ni bora kuliko saa kwa kutembea kwa mwendo mmoja, kwa sababu angalau kasi na mwinuko inavijua kwa hakika. Nje, barabarani, saa itakufaa zaidi kwa kilomita na mapigo, na kalori utazipiga kichwani: kilomita mara kilo, nusu ukitembea. Kwenye daftari lako andika dakika, kasi na mwinuko. Mwezi ujao ukitembea 5.8 kwa mapigo yaleyale ya 5.5, umepiga hatua, na hakuna kanuni ya kiwandani inayoweza kuipunguza.

Bwana naye mwambie aingize kilo zake 94. Atafurahi akiona 331, na ataiona 204 yako pembeni. Kabla hajaanza kutembea mwite kwanza kwenye lile jaribio la kusimama kingoni. Kalori ya kwanza ikihesabiwa naye amekutazama umesimama tu, dai radhi yako hapohapo, na baadaye aitoe tena mbele ya mashemeji.